Tumkumbuke Dokta Lukwiya

Wanachama wenzetu, kila msimu wa karafuu mchumaji akianguka kutoka juu ya mkarafuu, jambo la kwanza tuulizalo ni hili: daktari yupo? Leo twapenda kumkumbuka daktari mmoja wa Uganda, ambaye alipohitajiwa alikuwapo.

Marehemu Dokta Matthew Lukwiya alikuwa mkuu wa hospitali ya Lacor, karibu na mji wa Gulu. Mwezi wa Oktoba 2000 alikuwa Kampala masomoni, ikamfikia habari kuwa wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa maradhi yasiyojulikana. Akarudi upesi. Usiku ule ule akasoma vyeti vya wagonjwa, akashuku kuwa ni Ebola. Wodi ikatengwa, na wauguzi wakajitolea kuhudumu humo.

Wauguzi wakafa mmoja baada ya mmoja. Mwezi wa Novemba waliobaki wakataka kuondoka. Akakaa nao, akawasihi, wakarudi kazini. Usiku mmoja wa mwezi huo muuguzi aliyeugua alikuwa akitokwa na damu. Daktari akamkimbilia. Alivaa kanzu na glavu, lakini macho hakuyakinga. Akafariki tarehe 5 Desemba 2000, umri wake miaka 43. Maradhi yaliua watu 224, yakamalizika Februari 2001.

Basi, wanachama, tukiuliza kama daktari yupo, tuulize pia: glavu anazo? Miwani ya kukinga macho anayo? Anayetuuguza naye ni mtoto wa watu.