Je, Wajua? Jino Halina Siri

Je, wajua kwamba mabingwa wa meno katika Kaunti ya Tana River hawaishi katika miji ya Hola wala Garsen, bali msituni? Mangabe wa Mto Tana ni kima asiyepatikana kwingine duniani ila katika misitu ya kandokando ya mto huo, sehemu za chini. Magego yake yana gamba nene ajabu, kwa kuwa hupasua mbegu na kokwa ngumu ambazo kima wengine huziacha. Mtaalamu akipewa fuvu tu, bila kuelezwa limetoka wapi, huanza kwa meno kusoma mwenyewe alikuwa akila nini. Mamba wa mto huohuo naye hana haja ya daktari: jino likimtoka linaota jingine, na jingine tena, kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Sisi tumepewa seti mbili, na ya kwanza tunaimaliza shule ya msingi.

Meno huhifadhi habari muda mrefu kuliko karatasi yoyote. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la kuona visukuku kuliko wengi waliosomea kazi hiyo, aligundua karibu na Ziwa Turkana mifupa ya mvulana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Kimo chake kilikuwa cha kijana wa leo wa miaka 13 au zaidi, lakini mistari ya ukuaji ndani ya meno ilionyesha kuwa alikuwa na miaka 8 hivi. Taya lake la chini lina alama za usaha pale jino la utoto lilipong'oka. Wapo watafiti walioona kwamba huenda sumu ya ufizi huo iliingia kwenye damu ikamuua. Umri wake na ugonjwa wake vyote tumevisoma mdomoni, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Meno pia hutaja ulikokulia. Ukimwona abiria kwenye stendi ya Garsen ana madoa ya kahawia menoni, usikimbilie kusema hapigi mswaki. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa kabla ya kutimiza miaka 8 hivi, wakati gamba la meno ya ukubwani lingali linajengwa, madoa hubaki maisha yote. Mtu mzima akihamia Nakuru, bondeni humo, leo, meno yake hayatapata madoa hayo hata akikaa huko miaka 30.

Sasa maumivu, maana ndiyo humtoa mtu kitandani saa nane za usiku. Karafuu ya bibi haikuwa porojo. Mafuta yake yana eujenoli, inayotia neva ganzi, na madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba tundu kwa muda. Harufu ile ya kliniki ya meno ambayo hatuipendi ni ya karafuu za Pemba kabisa! Tone moja kwenye pamba linatosha. Likimwagika ufizini linaunguza, na mtoto mdogo asipewe. Linatuliza tu, halitibu: uozo unaendelea na kazi yake chini kwa chini. Kidonge cha aspirini kumezwa ni sawa kwa mtu mzima aliyeruhusiwa kukitumia, lakini kukibandika kwenye jino, kama wengi tunavyofanya, kunachoma nyama ya ufizi ikawa nyeupe, na hapo una maumivu mawili badala ya moja.

Na jino la ukubwani likitolewa na mpira au ajali ya bodaboda? Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Usilisugue. Litie kwenye maziwa, kitu ambacho katika nchi ya wafugaji hakikosekani, ukimbie hospitali. Likirudishwa ndani ya nusu saa lina nafasi nzuri ya kushika.

Viboko, nao wamejaa Tana, wana historia yao katika vinywa vya wakubwa. Katika karne ya 18 jino la kiboko lilipendwa sana kwa kuchonga meno bandia. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu. Meno bandia aliyotengenezewa wakati huo yalichongwa kwa jino la kiboko. Lakini kisa kitamu zaidi ni cha 1781, akiwa jenerali vitani dhidi ya Waingereza. Alimwandikia daktari wake kuomba vifaa vya kusafishia meno na kukazia waya zake, akataja kwamba hatarajii kufika Philadelphia karibuni. Waingereza waliiteka barua hiyo. Kwa shida ya meno tu, adui akajua jenerali anakusudia kukaa wapi.

Siri ya jino huvuja hata pasipo vita. Garsen ni mji mdogo. Shavu likivimba asubuhi, kufikia adhuhuri nusu ya soko imeshakupa pole, na hilo sheria haiwezi kulizuia. Ya faili la mgonjwa ni mengine. Kabla ya kung'oa jino, daktari lazima aulize: una sukari? presha? mimba? unatumia dawa gani? Akiuliza kwa sauti mbele ya foleni, jino ndilo dogo katika yote yaliyofichuka. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inafanya siri hali ya mgonjwa, matibabu yake, na hata kule kulazwa kwake. Hata kabla yake, Desemba 2016, Mahakama Kuu ilikataa agizo la serikali la kukusanya majina ya wanafunzi wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kwa kuwa lilivunja haki ya faragha iliyomo katika Kifungu cha 31 cha Katiba.

Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo huhesabu habari za afya kuwa data nyeti na kukupa haki ya kuziona zilizoandikwa juu yako. Katika alama za mwili zinazomtambulisha mtu, imetaja alama za vidole, DNA, sauti, na, amini usiamini, umbo la ndewe za masikio. Meno hayakutajwa kwa jina. Picha ya eksirei ya taya lako, hata hivyo, inaingia kwa mlango wa habari za afya, na anayeitaka bila kuwa mhudumu wako kwa kawaida atahitaji idhini yako au amri ya mahakama.