Je, Wajua? Moshi Uliojificha Kwenye Ngozi ya Mtumba

Mkoba wa ngozi ukitoka kwenye robota la mtumba katika masoko ya Kisangani, iwe Kabondo au Makiso, mnunuzi huvuta zipu, hukagua mshono, kisha huingiza pua ndani. Hapo ndipo biashara nyingi huvunjika. Mkoba ni mzima na bei ni nafuu, lakini unanuka moshi. Pengine mwenyewe wa kwanza alikuwa mvuta sigara huko Ulaya. Pengine ulisafiri karibu na samaki wa kukaushwa kwa moshi katika mashua iliyopanda mto Kongo kutoka Kinshasa, safari ya kilomita zipatazo 1,700. Wengi huupulizia marashi, na kesho yake mkoba unanuka vyote viwili. Ngozi nzuri haistahili kutupwa kwa sababu hiyo, maana dawa zake nyingi zimo jikoni.

Ngozi huunywa moshi

Ngozi ni wavu wa nyuzi za kolajeni, na baina ya nyuzi hizo mna vinafasi vidogo mno pamoja na mafuta yaliyotiwa kiwandani ili ilainike. Kuni zinapoungua, lignini, ile sehemu inayoupa mti ugumu wake, huvunjika na kutoa kemikali za jamii ya fenoli. Mojawapo ni gwayakoli, ambayo ni sehemu kubwa ya harufu ya samaki wa moshi, na pua huinasa hata ikiwa kidogo sana hewani. Fenoli hupatana na mafuta kuliko maji. Zikishaingia kwenye ngozi hutulia humo, ndiyo maana kuifuta kwa maji matupu hakusaidii sana.

Moshi ni dawa ya kale ya kutengenezea ngozi

Wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini walisugua ngozi ya paa kwa ubongo wa mnyama, kisha wakaifukiza kwa moshi wa kuni zilizooza, na hadi leo wapo wanaofanya hivyo. Ndani ya moshi mna kemikali ziitwazo aldehaidi, nazo hufungamana na kolajeni, hivyo ngozi ikilowa na kukauka huweza kulainika tena. Moshi uliofungamana na nyuzi namna hiyo ni mgumu kuutoa. Kwa hiyo mkoba uliokaa miaka mingi kwa mvuta sigara unaweza kupungua harufu hadi jirani asiisikie, ila muuzaji mwaminifu hamwahidi mteja kwamba utanukia kama mpya.

Harufu ilikaa baharini karne mbili

Desemba 1786, merikebu Metta Catharina, iliyotoka St Petersburg na shehena ya katani na ngozi, ilizama karibu na Plymouth, Uingereza. Wapiga mbizi waliigundua mwaka 1973. Ngozi zile zilitengenezwa kwa ufundi wa Kirusi, zikapakwa mafuta yanayotokana na kuunguza maganda ya mti uitwao birch, mafuta yenye harufu ya moshi. Zilipotolewa matopeni, nyingi zilifaa kushonwa viatu na mikoba, na harufu yake ilikuwa bado imo. Anayedhani kuanika mkoba kutwa moja kunatosha na azikumbuke ngozi hizo.

Pwani moshi hutafutwa

Kutoka Lamu hadi Zanzibar, na ng'ambo kule Oman, nguo hufukizwa udi juu ya chetezo kwa makusudi, zikabaki na manukato kwa siku kadhaa. Kinachoushikisha udi kwenye nguo ni kilekile kinachoushikisha moshi wa jikoni kwenye mkoba: chembe zenye mafuta zinazong'ang'ania nyuzi. Kufukiza udi mkoba unaonuka sigara, basi, ni kupanga moshi juu ya moshi.

Pua huchoka

Ukikaa na harufu moja kwa dakika chache, pua huacha kuisikia ingawa haijaondoka. Anayepika kwa mkaa kila siku huizoea zaidi. Usiwe wewe mwenye kesi na hakimu pia: mpe mkoba mtu aliyetoka nje sasa hivi, asiyejua ulikuwa na tatizo gani, umwulize anasikia nini.

Asubuhi mkoba hudanganya

Joto na unyevu huzitoa kemikali za moshi kwenye ngozi na kuzirusha hewani. Mkoba uliokuwa kimya saa moja asubuhi unaweza kupiga kelele saa saba mchana. Kabla ya kutoa pesa, pumulia ndani pumzi nzito, funga zipu, subiri kidogo, kisha fungua na unuse. Pumzi yako ina joto na unyevu kwa pamoja, na itakuonyesha kilichofichwa.

Mwizi mkubwa yumo kwenye bitana

Geuza mfuko wa ndani nje. Kwenye kona, pale mishono miwili inapokutana, utakuta uchafu wa kahawia: chembe za tumbaku, vumbi, nyuzi zilizogandamana na poda ya uso. Kwangua kwa mswaki mkavu ukielekeza nje, halafu futa bitana kwa kitambaa kilichokamuliwa maji ya sabuni. Ngozi iliyopakwa rangi na nta juu ina ngao yake, lakini kitambaa cha bitana na sponji iliyo nyuma yake havina. Ikiwa harufu inarudi kila mara, mpelekee fundi viatu aifumue bitana na kushona nyingine ya kitenge. Mikoba mingi iliyokataliwa huponea hapo. Kwa viatu, anza na soli ya ndani, hiyo inayong'oka kwa mkono.

Mkaa hunasa kile moto ulichotoa

Mwaka 1785 Tobias Lowitz, mkemia aliyefanya kazi St Petersburg, aligundua kwamba mkaa husafisha vimiminika. Mwaka 1854 Mskoti John Stenhouse alitengeneza kifaa cha kupumulia chenye mkaa, na katika Vita Kuu ya Kwanza mkaa ukatiwa kwenye vinyago vya kuzuia gesi ya sumu. Siri yake ni vitundu. Gramu moja ya mkaa ulioandaliwa kiwandani kwa kazi hiyo ina uso wa zaidi ya mita za mraba 500. Mkaa wa jikoni ni dhaifu kuliko huo, lakini nao una vitundu vyake, na Kabondo huhitaji kuutafuta mbali.

Chagua vipande vigumu vinavyolia vikigongana. Vile vya kahawia havikuiva na bado vina moshi wake. Vichome nje ya nyumba hadi viwe vyekundu, vifunike kwenye mkebe wa chuma, uviache hadi kesho yake vipoe kabisa. Viweke chini ya ndoo kavu yenye mfuniko, tandika gazeti, weka mkoba ukiwa wazi, funika. Baada ya wiki moja unuse. Ikibaki harufu, badilisha mkaa na urudie. Mkaa uliotumika unarudi jikoni, hivyo hakuna kilichopotea.

Siki ndiyo, magadi hapana

Ngozi iliyotengenezwa ina asidi kidogo. Siki nyeupe ni asidi pia, kwa hiyo ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, ikapitishwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, haigombani nayo sana. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Dondosha pia tone moja la maji: likinywewa papo hapo, ngozi haina kinga na usiipake chochote cha maji. Magadi ni alkali kali, ndugu wa chokaa ambayo viwanda vya ngozi huitumia kulegeza nywele. Bikarbonati ya mandazi ni pole zaidi, lakini nayo iwekwe kavu ndani ya soksi, isipakwe kama uji.

Kahawa ya msituni nayo inasaidia

Robusta ni mti wa kahawa wenye asili ya misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Huko Yangambi, kilomita zipatazo 100 kutoka Kisangani ukishuka mto, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933 kimeutunza na kuuchunguza kwa miongo mingi. Mashapo ya kahawa yaliyokaushwa vizuri, yakifungwa kwenye kitambaa na kuwekwa ndani ya mkoba, hupunguza harufu na kuacha yake iliyo tulivu. Yakiwa mabichi huota ukungu, nawe utakuwa na kazi mbili.

Mawese yabaki kwenye sufuria

Baada ya siki ngozi huhitaji mafuta, na mkono huenda kwenye chupa iliyo karibu. Mawese yana wekundu unaotia madoa, na mafuta ya kupikia huchacha yakikaa hewani, yakaleta harufu mpya. Tumia mafuta maalumu ya ngozi au dawa ya viatu isiyo na rangi, kidogo tu, kwa kitambaa laini.

Kivuli chenye upepo ndicho mahali pake

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta. Jua lake la mchana hukausha mafuta ya ngozi na kuipasua, na hewa yake yenye unyevu mwaka mzima huotesha ukungu kwenye ngozi iliyofungiwa kabatini. Basi mkoba uliosafishwa uning'inizwe kivulini, mahali upepo unapita, mbali na jiko, na ufunguliwe kila mara upate hewa. Ngozi ya ng'ombe ikitunzwa hivyo huishi miaka mingi. Mnunuzi wa Kabondo akijua haya anapata kwa bei ndogo mkoba ambao mwanawe naye ataubeba.