Risasi, Dhahabu na Zebaki ya Mpanda

Reli ya Mpanda haikujengwa kwa ajili ya abiria. Tawi hilo, linaloachana na Reli ya Kati pale Kaliua, lilifikishwa Mpanda baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ili kubeba mazao ya mgodi wa risasi wa Mukwamba. Kampuni ya Uruwira Minerals iliuchimba hadi ulipofungwa mwaka 1960.

Risasi haichimbwi ikiwa risasi. Hutoka ardhini kama galena, jiwe zito la kijivu linalong'aa, ambamo risasi imeshikana na salfa. Ukiligonga kwa nyundo, linapasuka vipande vya umbo la mchemraba. Likichomwa tanuruni na salfa ikaondolewa, risasi inayobaki ukiigonga inabonyea tu. Atomi za risasi ni zilezile. Kilichobadilika ni namna zinavyoshikana.

Katika metali, kila atomi huachia elektroni zake za nje, zikawa za wote mithili ya kisima cha kijiji. Hiyo ndiyo bondi ya metali. Kwa kuwa elektroni hazijafungwa kwa atomi moja, safu za atomi huweza kuteleza bila kuachana, umeme na joto hupita kwa urahisi, na mwanga ukigonga uso wake hurudishwa.

Mchimbaji mdogo wa dhahabu anayaona haya kwa macho yake. Punje ikisagika kwa nyundo, hiyo ni pairaiti, ile inayowadanganya wengi kwa rangi yake. Ikitandazika, ni dhahabu. Gramu moja yake yaweza kufuliwa mpaka ifunike karibu mita moja ya mraba!

Zebaki nayo ni metali, ila atomi zake hushikana kwa ulegevu mno, hata hubaki majimaji mpaka nyuzi 39 chini ya sifuri. Ikiwa majimaji hivyo, huchanganyika na dhahabu na kuinasa kwenye mchanga uliosagwa karashani. Ulegevu huohuo ndio hatari yake. Inachemka kwenye nyuzi 357, wakati dhahabu haiyeyuki hadi 1,064; ukichoma mchanganyiko huo, zebaki inapaa hewani, na anayeivuta huumizwa ubongo na figo, pamoja na watoto walio jirani. Hakuna dhahabu yenye thamani hiyo. Mvuke huo ukipitishwa kwenye chombo kilichofunikwa chenye bomba la kupoozea, zebaki hurudi kuwa majimaji, ikatumika tena.