Kurejea kwenye Ndege Ndogo Ziongozwazo kwa Redio

Wengi wetu tulipokuwa wadogo tuliunda vyombo vya kuruka kwa mikono yetu wenyewe: tiara ya karatasi na vijiti, au ndege ya mabua yenye pangaboi la jani lililozunguka kwa upepo. Kisha zikaja kazi, ndoa na malezi, navyo vikasahauliwa. Lakini katika zama zetu hizi wako watu wazima, na wengine wenye wajukuu, wanaourejea ufundi ule katika sura iliyo kubwa zaidi, yaani kuunda na kurusha ndege ndogo ziongozwazo kwa mawimbi ya redio. Na jamaa zao huuliza: Je, yampasa mtu mwenye majukumu ya nyumba kurudia vitu vya watoto?

Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu la haki. Sisi twasema ya kwamba anayerejea kwa elimu na kwa uangalifu hakurudi utotoni, bali amejitwika amana. Na asiyeitambua amana hiyo, ni heri ndege yake ikae kabatini. Na ili maneno yetu yasielee hewani, tutayapima kwa mahali panapojulikana, napo ni Masoko katika wilaya ya Rungwe.

Kwanza yafaa ifahamike ya kwamba ndege ndogo si sanamu ya ndege. Ni ndege kweli, nayo yashikwa na kanuni zile zile zinazoishika ndege kubwa ya abiria. Habari za Abbas ibn Firnas wa Cordoba, mwanachuoni wa karne ya 9 aliyefariki mwaka 887, zatufundisha jambo hili. Al-Maqqari, mwandishi wa karne ya 17, ameeleza ya kwamba ibn Firnas alijivika mabawa akaruka kitambo, lakini alipotua aliumia mgongo, kwa kuwa hakujua ya kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia, naye mkia hakujiwekea. Kila mwenye kuunda ndege ndogo leo huikuta sharti hiyo hiyo mezani kwake. Mkia ukikosewa, au uzito ukikaa nyuma mno, hapana injini wala redio itakayoiokoa ndege hiyo. Ndiyo maana mafundi huipima kwanza kwa kuiegemeza juu ya ncha za vidole viwili chini ya mabawa, na katika ndege za kawaida huitaka isimame sawa mahali palipo yapata robo hadi theluthi ya upana wa bawa, kutoka ukingo wake wa mbele.

Ama kuongoza kwa redio, mwanzo wake si wa jana. Mwaka 1898, katika mji wa New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyoelekezwa bila waya wala kamba. Mwaka 1937 ndugu wawili pacha wa Marekani, Walter na William Good, wakarusha ndege ndogo iliyotii amri za redio kutoka ardhini; na mwaka 1960 ndege hiyo ikatolewa kwa jumba la makumbusho la Smithsonian ili ihifadhiwe.

Lakini mfano utufaao zaidi ni wa mzee Maynard Hill wa Marekani. Alikuwa amekwisha staafu, macho yake yamefifia hata kuhesabiwa kisheria kuwa kipofu, na masikio yake hayasikii vema. Mwezi wa Agosti 2003, naye ana umri wa miaka 77, ndege aliyoiunda pamoja na wenzake, yenye uzito usiotimia kilo 5, iliondoka Newfoundland katika Kanada, ikavuka bahari ya Atlantiki na kutua pwani ya Ireland baada ya kuruka saa 38 na dakika 52, mwendo wa kilomita zipatazo 3,000. Ndege zake zilizotangulia katika jaribio hilo zilikuwa zimepotea. Mtu aone basi ya kwamba lililomfikisha mzee yule si nguvu za ujana, bali ni subira na hesabu.

Mwenye kurejea baada ya miaka ishirini au thelathini atakuta mambo mengi yamegeuka. Zamani redio zilitumia mawimbi ya megahezi 27, 35 au 72, na watu wawili wakiwasha mitambo yao katika mkondo mmoja, ndege ya mmoja wao ilianguka papo hapo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 zilienea redio za gigahezi 2.4, ambazo kila moja huitambua ndege yake, na hatari hiyo imepungua sana. Injini za mafuta zenye kelele na moshi zimeachia nafasi mota za umeme. Mti mwepesi wa balsa umeachia nafasi povu gumu, kama lile jeupe linalofungashiwa televisheni. Asiye na balsa aweza kuanza na povu hilo, vijiti vya mianzi na gundi isiyoliyeyusha. Hivyo gharama ya umbo la ndege ni ndogo. Fedha huenda katika redio, mota na betri, na mwenye nyumba aweke kiasi chake kabla ya kununua, isije karo ya mtoto ikaruka pamoja na ndege.

Na katika hayo mapya imo hatari ambayo wazee wa mchezo huu hawakuijua. Betri za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu nyingi, lakini zikijazwa kupita kiasi, zikitobolewa au zikivimba, zaweza kuwaka moto mkali. Chumba kimoja cha betri hiyo hakipasi kuzidi volti 4.2 wala kushuka chini ya volti 3. Ijazwe kwa mtambo ulioundwa kwa ajili yake, juu ya saruji au kigae, mbali na mapazia na magodoro, na mtu mzima awepo. Kuiacha ikijazwa usiku, hali watoto wamelala, ni kuwaweka roho zao rehani kwa ajili ya mchezo.

Sasa tuje Masoko. Mahali hapa pako kusini-mashariki mwa Tukuyu, nalo ziwa lake ni shimo la volkeno lililojaa maji, lenye upana wa mita zipatazo 700, juu ya usawa wa bahari yapata mita 840. Mgeni akitazama maji yale yaliyotulia atadhani ndio uwanja bora wa kurushia. Asifanye haraka. Kingo za shimo zimeinuka pande zote, na upepo ukizipita hupinda na kuzunguka upande wa pili, ukaisukuma ndege nyepesi chini bila ya onyo. Tena ziwa lina kina kipitacho mita 30. Ndege iliyozama humo haitafutwi kwa fimbo, na kijana atakayejitosa kuifuata ni thamani kubwa kuliko ndege elfu. Basi afadhali kiwanja kilicho wazi, mbali na maji, na mbali na nyaya za umeme.

Hata hewa yenyewe ina hesabu yake. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na bawa hupata mahali padogo pa kuegemea. Katika usawa wa Masoko hewa imepungua uzito kwa takriban asilimia 8 kuliko ya pwani, na Tukuyu, iliyo juu yapata mita 1,600, kwa takriban asilimia 15. Kwa hiyo ndege iliyoruka kwa raha Tanga au Dar es Salaam itahitaji mbio zaidi kidogo ili iinuke Tukuyu, na itatua kwa kasi zaidi. Mvua nayo haisahauliki, kwani mji wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mwenye busara hutumia miezi ya masika kuunda na kutengeneza, na miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, hurusha asubuhi kabla upepo haujakaza.

Jambo lililo kubwa kuliko yote ni haki ya jirani. Ndege ya kilo moja iendayo kasi, yenye pangaboi lizungukalo, yaweza kumpofusha mtoto. Na watoto ndio wa kwanza kukimbilia kiwanjani wasikiapo mlio wake. Kwa hiyo kabla ya kurusha, mmoja awasimamishe watazamaji nyuma ya mrushaji, wala ndege isipitishwe kamwe juu ya vichwa vya watu, ng'ombe au mapaa ya nyumba. Sheria ya nchi nayo haikunyamaza: katika Tanzania vyombo virukavyo bila rubani vimewekewa kanuni na vibali, na mtu ataanza kwa kuuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kununua, wala si baada ya kukamatwa. Kuwajulisha viongozi wa kijiji pia ni adabu njema, maana chombo kisichojulikana kikipita angani huzusha hofu.

Baada ya hayo, muulizaji wetu atasema: Na faida yake ni ipi? Atazame Zanzibar. Tangu mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walipiga picha za Unguja na Pemba kutoka angani ili kuchora ramani. Na walitumia nini? Ndege ndogo za povu, zisizotimia kilo moja, zilizorushwa kwa mkono. Mwaka 2018 ikajaribiwa ndege isiyo na rubani ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, mwendo wa kilomita 60 kwa dakika zipatazo 40. Hivi ndivyo kitu kilichoitwa cha kuchezea kilivyokuja kuwa ofisi na zahanati.

Hatusemi ya kwamba kila arushaye ndege ndogo atachora ramani. Twasema ya kwamba mzazi anayeketi na wanawe, mabinti na wavulana, wakapima bawa, wakatafuta mizani, wakaanguka na kuunganisha tena, amewapa somo la hesabu, la subira na la kumjali jirani kwa pamoja. Na mzazi atumiaye saa zake zote juu ya ndege hali wanawe hawamwoni, huyo amerejea kweli utotoni. Kila mmoja na ajipime. Mwenyezi Mungu atujaalie mikono yenye ufundi na mioyo yenye uangalifu.