Chelezo na Mazishi

Wengi hudhani kwamba mchoraji mlimbwende huchora anachokiota na mhalisia huchora anachokiona. Picha ya mlimbwende Théodore Géricault, Chelezo cha Méduse, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1819, inatosha kuivunja dhana hiyo.

Mwaka 1816 meli ya kivita ya Ufaransa, Méduse, ilikwama kwenye fungu la mchanga karibu na Mauritania ikielekea Senegal. Mashua hazikutosha. Watu wapatao 150 walisongamana juu ya chelezo cha mbao, kisha kamba zilizokuwa zikikivuta zikaachiwa. Kilipopatikana baada ya siku 13, waliokuwa hai walikuwa 15. Nahodha alikabidhiwa meli ile kwa utiifu wake kwa mfalme, ingawa alikuwa hajaongoza meli kwa miaka mingi; Wafaransa wakawaka hasira.

Géricault aliwatafuta manusura akawahoji. Seremala aliyenusurika alimtengenezea mfano mdogo wa chelezo. Géricault alikwenda hospitalini kuwatazama wanaokata roho, akachora maiti na hata viungo vilivyokatwa, ili ajue mwili uliokufa una rangi gani. Sijui mhalisia gani aliyefanya uchunguzi mzito kuliko huu.

Sasa itazame picha yenyewe. Watu waliokaa karibu wiki mbili kwa njaa, kiu na kuuana wana migongo na mikono iliyojaa misuli, kama sanamu za Wagiriki. Miili imepangwa kwa kupanda: chini wafu, katikati wanaojikokota, na kileleni mtu mweusi anayepunga kitambaa kuelekea meli iliyo mbali, ndogo kiasi kwamba usipoangalia vizuri huioni. Géricault alijua njaa humfanyaje mtu. Aliamua kutoichora, nadhani kwa sababu alitaka tumaini na hofu viingie kifuani mwa mtazamaji, naye aliamini kwamba mwili wenye nguvu unaoshindwa hutuumiza zaidi. Mimi naona alikuwa sahihi. Kwa hiyo tofauti ya ulimbwende na uhalisia haiko machoni mwa msanii. Iko katika kile anachojiruhusu kufanya baada ya macho kumaliza kazi yake.

Mhalisia Gustave Courbet alijiruhusu machache. Alizaliwa Ornans, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, na watu wa huko ndio waliokaa mbele yake awachore kwa ajili ya Mazishi huko Ornans, picha yenye upana wa zaidi ya mita sita iliyoingia kwenye maonyesho ya Salon ya 1850 hadi 1851. Zaidi ya watu 40 wamesimama safu moja, wakiwa na kimo cha watu halisi. Hakuna kilele. Kaburi limekatwa na ukingo wa chini wa picha, mbwa yuko palepale, na waombolezaji wanatazama kila mmoja upande wake. Ukubwa ule ulizoeleka kwa wafalme, watakatifu na vita. Kuwapa watu wa kawaida, bila kuwapamba, kuliwaudhi wahakiki wengi, wakasema ni ubaya mtupu. Lakini safu isiyo na kilele haikujitokeza yenyewe. Courbet aliipanga kwa makusudi kama Géricault alivyopanga kilele chake.

Tena Courbet huyohuyo, katika miaka ya 1840, alikuwa amejichora akiwa ametoa macho na kujishika nywele kwa mikono miwili, picha ya kilimbwende kabisa. Na mwaka 1855, Mazishi na picha yake mpya kubwa zilipokataliwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, alijengea kazi zake banda lake mwenyewe na kuliita la Uhalisia. Picha hiyo mpya, Studio ya Mchoraji, ilikuwa humo. Inamwonyesha akichora mandhari ya kwao, mwanamke aliye uchi amesimama nyuma yake, mtoto akimtazama, na pande zote mbili umati wa marafiki, maskini na wafanyabiashara ambao hawakuwahi kukutana ndani ya chumba kile.