Maji na Dawa Yake (Sehemu ya 3): Klorini Haifanyi Kazi Peke Yake

Katika sehemu iliyopita tulihesabu kiasi cha klorini kwa kufuata ujazo wa chombo. Leo tunafika kwenye jambo ambalo wengi hulipuuza, ilhali ndilo linaloamua kama dawa hiyo itaua vijidudu au itaacha harufu tu ndani ya ndoo. Jambo lenyewe ni pH, yaani kipimo kinachoonyesha kama maji ni machachu au ni ya magadi. Saba ni katikati. Chini ya hapo maji yana uchachu, juu yake yana magadi.

Mafundi wa mabwawa ya kuogelea wanalifahamu hili vizuri. Fundi makini anayehudumia bwawa la nyumbani, liwe Mwanza au Dar es Salaam, hafungui kopo la klorini kabla ya kupima, na anataka pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Hafanyi hivyo kwa ajili ya macho ya waogeleaji peke yake. Klorini ikishaingia majini hugawanyika katika hali mbili. Ya kwanza ni asidi ya haipoklorasi, ambayo hupenya ngozi ya kijidudu na kukiua upesi. Ya pili ni haipoklorati, ambayo ni dhaifu mara nyingi kuliko ya kwanza. Mgawanyo huo hutawaliwa na pH. Ikiwa 7, karibu robo tatu ya klorini iko katika hali kali. Kwenye 7.5 ni nusu kwa nusu. Ikifika 8 inabaki kama robo, na kwenye 8.5 ni takriban sehemu moja tu ya kumi.

Kibaya zaidi ni kwamba kipimo cha kawaida cha klorini hakitenganishi hali hizo mbili. Rangi itakuonyesha kuwa dawa ipo ya kutosha, nawe utakunywa ukiwa na amani, kumbe sehemu kubwa ya dawa hiyo imelala. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapotaka klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, linaongeza sharti kwamba pH iwe chini ya 8.

Sasa tuje Dutwa, mkoani Simiyu. Vilima vya Wamangola na Ngasamo vimejulikana nje ya nchi kwa sababu ya nikeli, na nikeli ya aina ile huzaliwa pale mawe yenye magnesi nyingi yanapooza kwa hali ya hewa kwa miaka mingi sana. Maji yanayopenya mawe ya namna hiyo huchukua magnesi na baikaboneti njiani. Yakichotwa kisimani huwa maji magumu yanayoelekea upande wa magadi: sabuni inakataa kutoa povu. Sisemi kwamba kila kisima cha Dutwa kiko hivyo, maana visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana kabisa. Ninachosema ni kwamba katika eneo lenye mawe kama hayo, kutia klorini bila kujua pH ni kubahatisha, na mwanzoni mwa mwaka 2024 mkoa wa Simiyu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoripoti kipindupindu.

Mwenye kisima cha pH 8 na zaidi afanyeje? Kwa maji ya kunywa asitie asidi ya aina yoyote. Asubiri zaidi. Badala ya nusu saa, aipe dawa saa nzima au zaidi kabla ya kunywa, au achemshe.

Maji ya lambo yana mambo yake, na hapa ujuzi wa akina mama wa Usukumani unastahili heshima ya kisayansi. Wanaotia shabu kwenye maji ya tope wanafanya kazi mbili kwa pamoja. Shabu hukusanya chembe za udongo zikazama, na wakati huohuo hula magadi ya maji na kuishusha pH. Klorini ikija baadaye inakuta maji maangavu na yenye pH nzuri. Basi utaratibu ni huu: shabu kwanza, acha yatulie, mimina maji ya juu kwenye chombo kingine, ndipo utie dawa. Mbegu za mlonge nazo husafisha tope, ila haziigusi pH, na mabaki yake huozesha maji yakikaa zaidi ya siku.

Lambo lililoota kijani lina hila nyingine. Mwani hunyonya kabonidayoksaidi mchana kutwa, hivyo pH hupanda kuanzia asubuhi na alasiri inaweza kufika 9. Usiku hushuka tena. Anayechota alfajiri anapata maji yanayoitii dawa kuliko anayechota saa kumi jioni. Na kwa kuwa lambo hilo hilo ndilo bwawa la kuogelea la watoto wetu, nikumbushe kichocho. Viluwiluwi vyake haviishi majini zaidi ya siku mbili visipompata mtu, kwa hiyo maji ya kuoga yaliyotulia ndani ya pipa lenye mfuniko kwa siku mbili, yasiyo na konokono, ni salama kuliko kujitosa lamboni.

Kwa aliyejenga bwawa nyumbani na kulijaza maji ya kisima, hesabu ni hii. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina lita 48,000. Kuongeza miligramu 2 za klorini kwa kila lita kunahitaji gramu 96 za klorini halisi, sawa na gramu 137 hivi za unga wa asilimia 70. Atie jioni, kwa sababu jua la mchana huivunja klorini kwa kasi kubwa. Lakini kabla ya hapo apime baikaboneti, inayotakiwa iwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Ikizidi sana, pH atakayoishusha leo itarudi juu kesho kutwa. Asidi ya kuishusha imiminwe ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani ya asidi, wala asidi isikutanishwe na unga wa klorini: gesi inayotoka hapo huua.

Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Simiyu hautafuta haja ya kupima. Atakayechanganya maji laini ya ziwa na ya kisima ndani ya simtanki moja atapata maji ya tatu, yenye tabia yake.

Kisima kinapochimbwa, maji yake hupelekwa maabara, na majibu hubaki kwenye mafaili. Ninaziomba jumuiya za watumia maji na wakala wa maji vijijini (RUWASA) wilayani waandike pH ya kila kisima ukutani, kwa rangi isiyofutika, pale pale penye kituo cha kuchotea. Sehemu ya 4 itahusu floridi.