Kabla ya kutoa figo, sema ulipolazwa

Mambo ya Walawi sura ya 14 inaeleza habari ya ukungu katika ukuta wa nyumba. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anakwenda kumwambia kuhani. Kisha kuhani anakuja, anaangalia, anaifunga nyumba siku 7, anarudi kuangalia tena.

Nilikumbuka sura hiyo familia moja ya Manika ilipokuja tuombee safari. Kaka anaenda India kumpa mdogo wake figo. Katika mazungumzo nikasikia kwamba huyo kaka alilazwa wiki 3 kati ya wagonjwa mahututi, baada ya ajali ya barabarani. «Hilo tusiwaambie, Pasta, watamkataa.» Nikasimamisha maombi kwanza.

Iko kuvu moja, wengi wanasema fangasi, jina lake Candida auris. Ilitambuliwa Japani mwaka 2009. Leo iko India, Afrika Kusini, hata Kenya. Inakaa juu ya ngozi ya mtu asiyeumwa, juu ya vitanda na vyombo vya hospitali, na inapita kwa mikono. Fluconazole, kile kidonge tunachonunua bila karatasi ya daktari, mara nyingi haiiwezi. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika jinsi ilivyopita pamoja na mapafu ya marehemu hadi kwa mgonjwa aliyepandikizwa. Kwa figo ya ndugu aliye hai hatari ni ndogo zaidi. Lakini anayepokea anakunywa dawa za kupunguza kinga ya mwili ili figo isikataliwe, na kuvu ikimwingia, mwili wake hauna nguvu ya kupigana.

Tena, kusema si lazima kukataliwa. Wanapitisha pamba kwapani na kwenye kinena cha mtoaji, wanapeleka maabara, wanangoja siku kadhaa. Hata maji yanayotunza kiungo wanaweza kuyapima. Wakiikuta, mtoaji analazwa chumba chake peke yake, chumba kinasafishwa kwa klorini, ile tunaita javel, na daktari anajua mapema dawa gani atayarishe. Ndiyo sababu mimi naogopa pia figo ya kununua, mbali na dhambi yake: muuzaji ana faida ya kuficha.

Yule kaka aliomba kalamu. Akaandika jina la hospitali, tarehe ya kuingia na ya kutoka, akaweka karatasi pamoja na vipimo vyake. Ndipo tukapiga magoti.